Kamera ilikuwa ikikatika katikati ya ibada: uzoefu wangu na habu ya USB yenye umeme wake

Kanisani kwetu, hapa Uyole, Mbeya, mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta kila Jumapili kurusha ibada mubashara YouTube. Tunatumia OBS Studio, ile programu ya bure aliyoianzisha Hugh Bailey mwaka 2012, na kamera mbili za USB: moja inaangalia mimbari, nyingine inaangalia kwaya. Wanaotutazama si maelfu. Ni vijana wetu wanaosoma Dodoma, dada zetu walioolewa Songea, wagonjwa walio kitandani, na bibi yangu kule Tukuyu ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Kwa hiyo ibada ikikatika, najua ni nani hasa aliyekatiwa.

Mwezi Mei kamera ya mimbari ilianza kusumbua. Inafanya kazi vizuri dakika 20 au 30, halafu unasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa, na hakuna mtu aliyekigusa. Picha inaganda mchungaji akiwa ameinua mkono, sauti inaendelea. Jumapili ya kwanza bibi alinipigia simu mchana: "Mjukuu wangu, mchungaji alikuwa anaumwa? Mbona alisimama vile vile mpaka mwisho?" Simu ile iliniuma.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mwenzangu alisema OBS ni nzito kwa kompyuta yetu. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni baridi, maana Juni hapa asubuhi ukiongea unaona moshi mdomoni. Fundi niliyempelekea kamera alisema imekufa, ninunue nyingine. Mimi nilikuwa upande wa wanaoilaumu OBS. Niliifuta na kuiweka upya mara tatu, bila mabadiliko yoyote.

Jaribio lililonisaidia halikunigharimu hata shilingi. Jumatano moja jioni niliifunga OBS kabisa, nikafungua programu ya kamera inayokuja na Windows, nikaiacha iwake huku nikipanga viti. Haikufika nusu saa, mlio ule ule ukalia, picha ikapotea. OBS haikuwa hata imefunguliwa. Kama una tatizo hili, anzia hapo. Mlio ukisikika, maana yake kompyuta yenyewe imekipoteza kifaa. Programu ya kurushia inapokea tu matokeo.

Kitu cha pili nilichogusa ni mipangilio ya Windows ya kubana umeme. Windows ina tabia ya kuzima tundu la USB ikidhani halitumiki. Nilifungua Device Manager, nikaenda kwenye kila USB Root Hub, sehemu ya Power Management, nikaondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kisha kwenye mipangilio ya umeme nikazima USB selective suspend. Hii ilisaidia kadi ya sauti, ambayo nayo ilikuwa ikipotea mara moja moja. Kamera ya mimbari iliendelea kukatika.

Basi nikafuata waya kwa mikono, kutoka mezani kwangu hadi mimbarini. Hapo ndipo nilipoyaona yote.

Meza yetu iko nyuma, mimbari iko mbali. Aliyetufungia alikuwa ameunga ekstensheni mbili za USB, kila moja mita 5, akazipitisha chini ya zulia la katikati, na maungio akayafunga kwa tepu nyeusi. Ukiongeza waya wa kamera yenyewe, tulikuwa tumepita mita 10. Waya wa kawaida wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. Zaidi ya hapo ishara inachoka, na umeme unaofika upande wa pili unapungua, hasa waya ukiwa mwembamba kama ule. Nilipofungua tepu nilikuta chuma cha plagi kimelegea kinacheza. Nikamwomba mwenzangu aangalie skrini huku nikibonyeza maungio kwa kidole gumba: picha ikakatika, ikarudi, ikakatika. Na maungio yalikuwa kwenye njia ile ile ambayo kwaya inaingilia ikicheza. Wanakwaya zaidi ya ishirini walikuwa wakiyakanyaga kila Jumapili.

Upande wa meza kulikuwa na shida nyingine. Kamera zote mbili, kadi ya sauti na mausi vilichomekwa kwenye habu moja ndogo, yaani kile kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa kadhaa, tena isiyo na adapta. Tundu la USB 2.0 la kompyuta linatoa miliampea 500. Habu ya aina hiyo inagawa hizo hizo kwa vyote, na kwa kanuni za USB kila tundu lake linahesabiwa miliampea 100 tu. Kamera inayowaka saa mbili na nusu haiwezi kuishi hivyo.

Nilinunua vitu viwili Mwanjelwa. Cha kwanza ni habu ya matundu manne inayokuja na adapta yake ya volti 5, ampea 3. Cha pili ni waya wa USB wa mita 10 wenye kikuza ishara ndani yake. Sio ekstensheni ya kawaida, na bei yake inaonyesha. Vyote viwili vilinigharimu chini ya bei ya kamera mpya niliyoambiwa ninunue. Waya huu tumeupitisha ukutani, hakuna anayeukanyaga.

Jambo moja zaidi lilibaki, nalo ni la hesabu. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, ikitumwa bila kubanwa inahitaji karibu megabiti 1,000 kwa sekunde. USB 2.0 hata kwenye karatasi inaishia 480. Kamera mbili zikiwa kwenye habu moja zinagombania njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ndani ya OBS nilifungua mipangilio ya kila kamera, Resolution/FPS Type nikaweka Custom, na Video Format nikachagua MJPEG, ambayo kamera yenyewe inaibana picha kabla ya kuituma. Ya kwaya nikaishusha hadi 1280 kwa 720. Hakuna mtazamaji aliyelalamika, wengi wanatazama kwenye simu na wanabana bando.

Matokeo: tangu nifunge vifaa hivi, kamera ya mimbari haijakatika yenyewe hata Jumapili moja. Tumerusha harusi iliyochukua saa nne mfululizo, na mazishi ambayo wana wa marehemu walishindwa kufika. Siku ya mazishi nilikaa nimeshikilia ukingo wa meza muda wote, nikisubiri ule mlio. Haukulia.

Lakini habu hii ina udhaifu ambao mwenye duka hakuniambia. Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kwa betri lakini habu inazimika, na kamera zote zinaondoka pamoja. Umeme ukirudi, Windows inaziona tena, ila OBS kwangu haizichukui yenyewe. Inabidi nifungue mipangilio ya kamera, nibofye Deactivate, kisha Activate. Sasa habu na kipanga njia cha intaneti vyote vimechomekwa kwenye UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme ukikatika) tuliyoikuta stoo, na nimemfundisha mwenzangu vile vitufe viwili ili nisipokuwepo asihangaike.

Pia usihamishe kamera kutoka tundu moja kwenda jingine ovyo. Kamera zetu zikihamishwa, Windows inazichukua kama kifaa kipya na OBS inabaki na kiboksi cheusi hadi uchague upya. Nimeweka alama kwa rangi ya kucha: nyekundu ni mimbari, ya zambarau ni kwaya, nukta kwenye tundu na nukta kwenye plagi. Mama mchungaji ndiye aliyenipa hizo rangi.

Habu naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kitufe chake cha kuzimia, kiko juu kabisa na kinaguswa kwa urahisi. Nimekifunika kwa kipande cha kadibodi. Waya naupa tano. Na kamera ambayo fundi alisema imekufa ndiyo hiyo hiyo inayoangalia mimbari hadi leo.

Jumapili iliyopita bibi alipiga tena baada ya baraka. Alisema ameona hadi mchungaji anavyofunga Biblia na kuvua miwani. "Ndaga fijo, mjukuu wangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaniuliza kwa nini shangazi yangu alikaa kiti cha nyuma.