Melimeli na pamba za kufungia aneurizimu: ukuta zinauimarisha, ila zikae mbali na neva za macho

Zipo aneurizimu za ubongo (uvimbe kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa mshipa wa damu) zisizobanika kwa klipu, yaani kibanio kidogo cha chuma: shingo ni pana mno, mshipa umetanuka pande zote, au tawi muhimu linachipuka kwenye uvimbe wenyewe. Hapo daktari huuzungushia ukuta kitu cha kuutia nguvu. Norman Dott, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Edinburgh, Uskoti, alitumia kipande cha msuli mwaka 1931. Baadaye zikaja shashi ya melimeli na nyuzi za pamba, ambazo ndizo tunazozipima hapa.

Kwa kuimarisha ukuta, tunazipa alama nzuri. Ni rahisi kukata, hukaa hata penye kona, na hufanya kazi kwa kuuchokoza mwili: seli za kinga huzivamia na kovu hujengeka juu ya ukuta dhaifu. Msuli hauzifikii, kwa kuwa mwili huumeng'enya.

Kwa usalama wa macho, alama ni mbovu. Aneurizimu ya ateri unganishi ya mbele, au ya karotidi (ateri kubwa inayopanda shingoni hadi ubongoni) pale inapotoa ateri ya jicho, iko milimita chache tu kutoka neva za macho na makutano yake, yaani pale neva hizo mbili zinapokutana. Kovu likisambaa hadi hapo, huzinasa neva na kubana vimishipa vinavyozilisha damu. Wakati mwingine huota donge kabisa, liitwalo muslinoma.

Dalili huja wiki, miezi, hata miaka baada ya upasuaji, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Mgonjwa hupewa miwani mpya, haisaidii. Ndani ya jicho huweza kuonekana pazuri kabisa mwanzoni, maana tatizo liko nyuma. Mwonyeshe kizibo chekundu, jicho moja moja: upande ulioathirika, wekundu huonekana umefifia. Kisha pima upana wa uoni; makutano yakibanwa, pande za nje ndizo huanza kupotea.

Uoni ukishuka, piga MRI (picha inayotumia sumaku kali) yenye dawa ya kontrasti, inayofanya donge ling'ae, bila kungoja kliniki ijayo, baada ya kuthibitisha aina ya klipu kama ipo. Donge linalong'aa kando ya mshipa uliofungwa linaweza kudhaniwa jipu au saratani, kwa hiyo msomaji wa picha aambiwe mapema kuwa kuna melimeli. Steroidi (dawa za kutuliza uchochezi) za dozi kubwa ndizo huanza, baada ya kuondoa shaka ya maambukizi. Wengine hupata nafuu, kisha uoni hushuka tena dozi ikipunguzwa. Kulitoa donge kwa upasuaji ni hatari, kwani limegandamana na neva.

Karibu na neva za macho, sisi tungechagua kipande cha Gore-Tex (kitambaa laini cha plastiki) kilichobanwa kwa klipu, kwa sababu hakichokozi mwili kiasi hicho. Gundi ya sianoakrileti tusingeikaribisha hapo. Ina sumu kwa neva.

Na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali itaje kitambaa kilichotumika na mahali kilipowekwa, pamoja na vipimo vya uoni vya kabla ya upasuaji. "Aneurizimu imefungwa" pekee haimsaidii daktari wa macho atakayempokea mgonjwa miaka 3 baadaye.