Paneli Iliyopotea Ukutani: Uzoefu Wangu wa Kuchora Umeme kwa Revit

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikichora mifumo ya umeme kwa Revit ya Autodesk, programu ambayo ndani yake unajenga modeli ya jengo ya pande tatu na kutoa michoro kutoka humo, katika chumba changu cha kazi hapa Chumbageni, Tanga. Kilichonifurahisha na kunitoa jasho kuliko vyote ni namna ya kuamua kipi kionekane na kipi kifichwe katika kila mchoro.

Katika jengo moja la ghorofa upande wa Raskazone, niliweka paneli ya kusambazia umeme kwenye ukuta wa ushoroba, ukingo wake wa chini ukiwa milimita 1,400 kutoka sakafuni. Fundi aliyepelekewa karatasi alinipigia simu: "Kaka, sakiti zote hizi zinaelekea ukutani, na ukutani penyewe hapana kitu?" Nilipofungua modeli, paneli ilikuwapo kwenye picha ya pande tatu lakini haikuwapo kwenye ramani ya sakafu. Nilibonyeza VV, njia ya mkato inayofungua orodha ya makundi yanayoonekana kwenye mchoro, nikakuta kundi la vifaa vya umeme lina tiki yake. Nikawasha ile balbu ndogo inayofichua vilivyofichwa, nayo haikunionyesha chochote.

Asubuhi nzima ilikwisha kabla sijagundua kwamba tatizo ni upeo wa mwonekano. Ramani ya sakafu hulikata jengo kwa kimo fulani, kwangu milimita 1,200, na kifaa cha umeme ambacho chote kiko juu ya kimo hicho hakichorwi, ilhali dirisha au kabati lililo juu vivyo hivyo huchorwa. Balbu nayo haikuwa na la kufichua, kwa sababu paneli haikufichwa na mtu. Ilikuwa nje ya upeo tu. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuikagua karatasi kabla ya kuituma.

Kupandisha kimo hicho kungegusa mchoro mzima, kwa hiyo nilizungushia mpaka eneo la ukuta ule peke yake na kuliwekea upeo wake. Baadaye nilifungua familia ya paneli yenyewe, yaani faili la umbo lake, na kuchora ndani yake mstari usioonekana unaoshuka hadi sakafuni, ili mkato uukute na alama ichorwe. Ujanja huu ni wa kienyeji kidogo, lakini tangu siku hiyo sijapoteza paneli nyingine.

Ukishaizoea, programu hii inalipa. Mchoro ukiupa fani ya umeme, kuta hufifia na vifaa vyako hujitokeza. Na ndani ya familia unaweza kuagiza kwamba kiwango cha undani wa mchoro kikiwa kidogo ionekane alama tu, na kikiwa kikubwa lionekane boksi lenyewe. Mimi huongeza pia mchemraba wa nafasi ya kusimama fundi mbele ya paneli, ambao huuwasha wakati wa kulinganisha kazi na msanifu na kuuzima wakati wa kuchapa. Mara moja mchemraba huo ulituonyesha mlango wa stoo ukifungukia hapo hapo, na mlango ukageuzwa ungali kwenye kompyuta.

Mipangilio hiyo yote sasa nimeifunga ndani ya kiolezo kimoja cha mwonekano, ili kijana ninayefanya naye kazi asiibadilishe kwa bahati mbaya. Kwa nyumba ya vyumba vitatu kule Ngamiani, hata hivyo, bado nachora kwa mistari ya kawaida.