Mafuta ya linsidi kwa luva za mbao: ni mazuri, mradi usiyapake mengi

Kwa luva za mbao za upande wa ndani wa dirisha, hasa kwenye nyumba za pwani, mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yanaishinda vanishi. Vanishi hung'aa mwanzoni, kisha unyevu hupenya penye ufa, inabanduka magamba, na hapo hakuna dawa ila kukwangua kibao kimoja kimoja. Linsidi huzama ndani ya mbao. Ikichakaa, unasafisha na kupaka tena.

Nunua kopo lililoandikwa "boiled", yaani yaliyochemshwa. Mafuta mabichi huchukua siku kadhaa kukauka, na vumbi lote la mtaa hunasa humo. Haya ya "boiled" yametiwa dawa ya kukaushia yenye metali, hivyo hukauka kwa takriban saa 24. Usijaribu kuyachemsha mabichi mwenyewe. Ni hatari ya moto.

Malalamiko makubwa ni kwamba linsidi hunata na kuota ukungu mweusi. Kwa ukungu, mara nyingi kosa limeshafanyika kabla kopo halijafunguliwa. Anza kwa brashi kavu ya rangi ya inchi 2, kutoka juu kwenda chini. Kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, maji lita 1 na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, halafu rudia kwa maji matupu ili chumvi itoke, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu. Usimwagie maji: hukaa kwenye maungio, mbao huvimba, luva hukwama. Penye ukungu paka siki na maji nusu kwa nusu, ngoja dakika 10, ufute. Siki isikutane kamwe na Jik, kwani hutoa gesi ya klorini. Acha mbao zikauke siku 2, kisha pitisha msasa namba 180 kufuata nyuzi.

Luva zenye rangi ziache. Mafuta hayapenyi rangi. Na rangi ya zamani sana huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiipige msasa mkavu.

Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu. Miwili inayofuata ni mafuta matupu, kila mmoja ukingoja uliotangulia ukauke. Dakika 20 baada ya kupaka kila mkono, futa yote ambayo hayajazama, hata kama unaona unapoteza mafuta. Wengi huruka hatua hii: tabaka nene hukauka juu tu, chini likabaki bichi, na ndiyo sababu ya kunata. Kila mkono ukiisha, chezesha luva juu na chini ili pini zisigande. Dirisha la meta 1 kwa 1.2, pande zote mbili, hula kati ya nusu lita na lita 1. Msaji (mtiki) una mafuta yake, hunywa kidogo. Ufute kwanza kwa tapentaini.

Vitambaa vilivyotumika visikunjwe wala kurundikwa. Linsidi inapokauka hutoa joto, na likikosa pa kutokea kitambaa huwaka chenyewe. Vitie kwenye ndoo ya maji au vianike nje kimoja kimoja.

Yana mapungufu. Hugeuza mbao kuwa za manjano, hasa chumba chenye giza. Hayazuii bungua wala mchwa. Dawa yao itangulie. Upande unaopigwa na mvua hayadumu. Skrubu za chuma nazo huacha doa jeusi kwenye mbao zenye tanini, kemikali ya asili ya miti, na ukipaka juu yake unalifungia doa humo. Badilisha kwanza kwa za shaba. Bawaba na komeo zisipakwe mafuta ya kupikia, yanaganda na kushika vumbi. Tone la mafuta ya cherehani linatosha.

Wakati mzuri ni kaskazi, Januari au Februari, kabla ya masika. Kwa luva zilizokwisha kupakwa, tonesha maji kwenye kibao: yakisimama kama shanga, usipake mwaka huu, yakizama, ongeza mkono mmoja.