Tairi za lami na vumbi: mbele weka kashata, nyuma punguza

Haya, mambo vipi watazamaji, karibuni tena. Leo nipo Mtwara mjini kwa fundi wangu wa pancha, chini ya mwembe, na hapa chini nimepanga tairi tatu. Zote tatu muuzaji atakwambia ni za lami na vumbi. Sogeza kamera hapa. Hili la kwanza, kashata, yaani hivi vipande vya mpira vilivyoinuka, zimebanana, kidole hakipiti. La pili kinapita kwa kusukuma. La tatu, ona, vidole viwili vimeingia na nafasi bado ipo. Mtu akikuuzia tairi, anza na kidole chako kabla hujasikiliza maneno yake.

Maneno yenyewe utayasikia hivi: hili ni 80/20, hili ni 50/50. Maana yake asilimia 80 lami na 20 vumbi, au nusu kwa nusu. Shinko 705 huuzwa kama 80/20, Kenda K270 kama nusu kwa nusu. Sawa, lakini hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata kupata namba hizo. Nusu kwa nusu ya huyu inaweza kuwa na kashata fupi kuliko ya yule. Na vumbi gani hasa? Hapo ndipo sisi watu wa kusini tunapoachwa solemba, maana vumbi letu kwa kweli ni mchanga.

Nina Honda XL ya zamani, mbele rimu ya 21, nyuma 18. Mwaka jana nilivaa tairi za kashata zilizobanana mbele na nyuma, nikijiona mjanja kwa sababu safari zangu nyingi ni lami. Siku moja nikaenda Msimbati. Hadi Madimba nacheka. Baada ya hapo nikakutana na ule mchanga laini wa njiani, mwendo wangu wala haukuwa mkubwa, tairi la mbele likatitia, usukani ukajikunja wenyewe, na mimi huyo, chini. Mchanga umejaa mpaka mfukoni. Mtoto mmoja akaniangalia akasema, "Pole babu." Miaka 38 hii!

Nikainua pikipiki, nikaangalia alama. Tairi la nyuma lilikuwa limepita vizuri tu, limechimba mfereji wake likasonga. La mbele lilikosa pa kushika. Kwenye mchanga na tope, la nyuma likiteleza utayumba kidogo na kuendelea. La mbele likiteleza umeanguka. Kwa hiyo siku hizi mbele naweka lile la vidole viwili, lenye kashata ndefu na za pembeni zenye kingo kali, kwa sababu hizo za pembeni ndizo zinazoshika ukikata kona. Nyuma naweka la katikati.

Kwa nini nyuma nisiweke makashata pia? Mfuko, ndugu yangu. Tairi la nyuma ndilo linalosukuma, ndilo linalobeba mzigo. Kutoka hapa mpaka Mnivata ni kama kilomita 50 za lami, na jua la Oktoba unalijua. Kashata ndefu kwenye lami ya moto inajipinda kila inapogusa chini, inapata joto, inasagika. Ukiwa unapiga ruti ya Newala au Masasi kila wiki, utaona katikati pamekuwa bapa wakati pembeni bado pana ndevu za kiwandani.

Sasa nisiwafiche, uamuzi wangu una gharama yake. Breki kubwa ni ya mbele, na kashata zenye nafasi zinagusa lami kwa eneo dogo. Mvua za kwanza zikinyesha, lami ina vumbi na mafuta ya malori ya korosho, ukibana breki ghafla hutasimama pale ulipozoea. Acha nafasi. Na kama wewe ni bodaboda wa mjini, stendi, soko kuu, Mikindani na kurudi, achana na ushauri wangu kabisa. Chukua lile la kwanza.

Upepo. Hapa watu wengi wanalaumu tairi bure. Kwenye lami mimi natembea na PSI 28 nyuma, nikipakia naongeza. Nikiingia mchanga mrefu nashusha mpaka 18 hivi, tairi linatanuka, linaelea badala ya kuchimba. Lakini hizi zetu ni za tyubu. Ukishusha sana, tairi linazunguka kwenye rimu na kuvuta tyubu. Njoo uone hapa, hii valvu imelala. Ikisimama wima uko salama, ikilala hivi imeanza kuvutwa, siku yoyote inakatika shingo. Na ukigonga jiwe upepo ukiwa mdogo, rimu inaibana tyubu na kutoboa matundu mawili kwa mpigo. Ukirudi lami, jaza. Beba pampu, usisubiri kijiji.

Kuna duka moja, silitaji, liliniuzia tairi "jipya kabisa" bado lina karatasi yake. Miezi miwili, katikati ya kashata nyufa, kama kisigino kisichopakwa mafuta. Nikasoma ubavuni, nikakuta tarakimu nne: 1415. Wiki ya 14, mwaka 2015! Lilizeeka likiwa dukani. Kwa hiyo tafuta ubavuni herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho za mstari huo, mbili za wiki, mbili za mwaka. Ubavuni hapo hapo, baada ya saizi ya tairi, utaona kitu kama 60P. Hiyo 60 ni uzito, kilo 250 kwa tairi hilo, na P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa. Mwendo huo hutaufikia na XL, usihangaike nao. Uzito ndio wa kuangalia. Gunia la korosho kilo 80, wewe, abiria, pikipiki yenyewe, na sehemu kubwa ya hayo imekalia nyuma.

Liwale wakati wa masika sijaenda na seti hii, kwa hiyo tope la kule sitalisemea. Mchanga nimeupima, Msimbati nimerudi mara tatu, yule mtoto hajapata cha kusema tena.

Cha mwisho ni mshale wa ubavuni unaoonyesha tairi lizungukie wapi. Fundi wangu ndiye anamalizia la nyuma sasa hivi, ngoja tumwone. Eeh... fundi, samahani mzee wangu, hebu usijaze kwanza. Mshale unaangalia nyuma.