PhET na hesabu za sehemu za darasa la nne: uzoefu wangu

"Mama, si nane ni kubwa kuliko nne?" Hapo ndipo tulipokwama. Mwanangu yuko darasa la nne, jedwali la kuzidisha analo kichwani, lakini mwambie achague kati ya 1/4 na 1/8, anakimbilia 1/8. Nimekata chapati, nimekata chungwa. Vikaliwa, somo likabaki palepale.

Nilianza na mchezo fulani wa kwenye simu, jina niliache. Tangazo kila baada ya maswali machache, na mtoto akagundua kwamba akibonyeza harakaharaka majibu yote, moja litapatia. Siku ya tatu niliufuta.

Mwalimu mmoja jirani ndiye aliyenitajia PhET, michezo inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo uliasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Ni bure, hauna matangazo, na faili unaweza kuipakua mara moja ukacheza bila bando. Kwangu hilo peke yake lilitosha kujaribu.

Tulifungua Fractions: Intro. Chini kuna ndoo ya vipande, juu duara tupu, pembeni sehemu yenyewe kwa tarakimu, na vimishale vya kubadilisha kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini). Nikaweka 1/4. Nikamwambia, "Utapandisha asili mpaka 8. Ila kabla hujagusa, niambie: kipande kitakua au kitapungua?"

"Kitakua."

Akabonyeza. 5, 6, 7, 8, kipande kinazidi kukonda. Akarudi hadi 2, akapanda tena, akashuka tena. Kimya. Halafu: "Kumbe ni watu wanaongezeka kwenye sahani!" Chapati isingeweza kunisaidia hapa, maana ukishaikata huwezi kuirudisha nzima ili uikate upya.

Naipa PhET alama 4/5. Mwanangu mwenyewe kaniambia hiyo inaizidi 4/8, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

Fraction Matcher, mchezo mwingine wa PhET, ni mizani mbili: unaweka sehemu inayolingana na nyingine kila upande, kisha unakagua. Ukipatia mara ya kwanza unapata pointi mbili, mara ya pili moja. Ukikosea, inakuonyesha upande upi umezidi. Siku za mwanzo alibahatisha tu, tabia ya mchezo ule wa matangazo. Sasa tuna sharti: jibu liandikwe kwanza kwenye daftari pamoja na sababu, ndipo kidole kiguse skrini. Bila mtu mzima pembeni, sidhani kama ingetufaa sana. Maneno kwenye skrini ni machache, kwa hiyo Kiingereza hakikumsumbua.

Wiki hii kaja na 1/2 + 1/3 = 2/5. Sikumsahihisha. Nimemfungulia mchezo wao mwingine, Build a Fraction, upande wa Lab, ambako vipande vya ukubwa tofauti vinaingia kwenye duara moja. Kaweka nusu, kaongeza theluthi, na sasa anatafuta vipande vya ukubwa mmoja vitakavyojaza eneo lilelile. Vya 1/4 vimekataa. Vya 1/5 navyo vimekataa, hapo akanitazama kwa hasira kidogo. Umeme ukakatika akiwa anavuta vya 1/6.