Mnazi wa Chusan: baridi unaiweza, maji ndo yanauua. Nyota nne

Wadau mlioko Ulaya mnaotamani kuona hata jani moja la pwani ukifungua mlango asubuhi, hii nawaandikia nyie. Mi nipo Leicester, nimenunua mti huu mwezi wa nne 2021, pauni 95 pamoja na kuletewa mpaka nyumbani. Kitaalamu unaitwa Trachycarpus fortunei, ni wa ukoo mmoja na mnazi na mtende ila majani yake yametanuka kama pepeo la kupepea, kama ya mvumo. Siku ya kwanza nampigia Mama video akaniuliza, "Mwanangu, mvumo huo umeutoa wapi huko kwenye barafu?"

Kwao ni China, milimani huko, unapanda mpaka kama mita 2,400, ndo maana theluji haiushtui. Jina la Chusan ni la kisiwa, siku hizi kinaitwa Zhoushan, pale Mskochi mmoja Robert Fortune aliiona imepandwa na mwaka 1849 akaisafirisha mingine hadi bustani ya Kew London. Kwa hiyo sio mti wa majaribio hapa Uingereza, upo miaka zaidi ya 170.

Sasa niwaambie kilichonifanya niupende. Shina lake limevaa kilifu! Kilifu kabisa, kile kile cha mnazi, nyuzi za kahawia zimepishana kama kitambaa kilichofumwa, ukivuta kipande kinatoka na vumbi lake na ile harufu ya ukavu. Sisi utotoni Pangani tukicheza kupikapika ndo tulikuwa tunachujia tui, nikakishika pale bustanini nikasimama tu muda mrefu sijui nasema nini. Wachina wanakisokota kamba, wanatengeneza mifagio na zamani wakulima walikishonea makoti ya mvua maana hakiozi haraka kwenye maji, yaani kazi zile zile usumba unazofanya kwetu. Japani mpaka leo wanafunga mifagio yake na ni ya bei.

Haya, malalamiko. Muuzaji aliandika kwenye tangazo futi tano, mzigo umefika kumbe kapima kuanzia chini ya ndoo mpaka ncha ya jani la juu, shina lenyewe halifiki hata gotini. Sio haki hiyo, mtu anatoa hela yake kwa kuamini. Na udongo wa ndoo ulikuwa umelowa chapachapa, mizizi ya chini imeshaanza kuwa myeusi. Nimemwandikia mara mbili hajajibu. Mkinunua ulizeni urefu wa SHINA, na mwombe picha ya mti wenyewe mtakaoletewa.

Baridi je? Desemba 2022 ile baridi kali, kipimajoto changu cha nje kilisoma -8, majani yakainama yakawa magumu kama bati, jua lilipotoka yakarudi. Mti ukishashika vizuri unavumilia hata -15. Ila Februari 2023 nikavuta lile jani changa la katikati, lile lililojikunja kama mkuki, likachomoka lote mkononi, chini limeoza linanuka. Nilijua ndo basi, maana hii jamii shina halichipui pembeni, moyo ukifa mti wote umekufa. Kosa halikuwa baridi, ni mfinyanzi wa huku unashika maji miezi yote ya baridi na mvua inaingia pale juu kwenye moyo inakaa. Nikasafisha, nikatia dawa ya ukungu yenye shaba, nikaufunika kilele kwa plastiki wiki kadhaa mvua isiingie ila nikaacha pembeni wazi hewa ipite, kisha mwezi wa nne nikaufukua, nikainua tuta, nikachanganya kokoto na mchanga mwingi nikaurudisha kina kile kile cha mwanzo, usizike shina. Mwezi wa sita jani jipya likatoka, ncha zimekatika kama limepitiwa na mkasi, nikampigia Mama saa hiyo hiyo.

Kingine ni upepo. Majani makubwa yanachanika na kuvunjika, kwa hiyo panda penye ukuta au ua wa kuukinga. Kama kwenu hakuna kinga tafuta aina ya Wagnerianus, majani yake madogo na magumu, hayachaniki ovyo. Kiangazi umwagilie vya kutosha na mbolea, usikate majani ya kijani, kata yaliyokauka tu.

Sasa hivi shina liko kiunoni. Mwezi wa tano mwaka huu karara limepasuka likatoa maua ya njano yamejaa tele kama mayai ya samaki, kumbe ni dume, maana dume na jike ni miti tofauti. Jike likipata dume jirani linazaa vitunda vya bluu-nyeusi, hakuna nazi wala tende hapo, msije kupanda kwa ajili ya tumbo.

Ndugu zangu wa Uswisi nyie msiagize, tangu Septemba 2024 kuuza mti huu huko ni marufuku, ndege wamezimwaga mbegu misituni kule Ticino mpaka umekuwa gugu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya muuzaji na ile futi tano yake, mti wenyewe ningeupa tano. Nitanunua wa pili mwakani, safari hii nitaenda mwenyewe bustanini na futi yangu mkononi, natafuta jike.