TAHADHARI! Muuza mashine za "kufufua mishipa" kwa umeme ameondoka Mbeya, na video anayotembea nayo ni yangu

Yule mwanamke wa kwenye video, mwenye kitenge cha njano, anayelia na kipaza sauti mkononi akisema "Mungu amemkumbuka mama yangu", ni mimi. Nalisema mwenyewe ili watu wa sokoni mpumzike kunong'onezana. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mengine yote mnayoyaona humo ni utapeli, na yule kaka mwenye koti jeupe anayenipigapiga begani ni mwizi wa wagonjwa. Nasikia sasa yuko Makambako. Watu wa Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa, huyo anakuja kwenu.

Habari ya mama tangu kiharusi kimpate Pasaka mnaijua, sirudii. Hela ilikotoka wana kikoba wenzangu mnakujua pia, tutaongea kwenye kikao, siyo hapa.

Nimeamua kuandika kwa sababu chini ya video kuna mtu kasema "huyu mama naye kalipwa". Nilipwe na nani? Mimi ndiye niliyelipa, laki sita na ishirini!

Banda lake lilikuwa upande wa Kabwe. Turubai la bluu, viti vya plastiki, bango limeandikwa VIPIMO BURE, chini yake kiharusi, sukari, presha, mgongo, ganzi, kila kitu. Spika inapiga mapambio. Tulikuwa tumetoka kliniki, bajaji ikazima palepale ikagoma kuwaka, na mnaijua baridi ya Juni ya hapa kwetu, mama amejikunyata na shuka lake la Kimasai juu ya sweta. Akaja kijana mbio na kiti. "Shikamoo mama, kaa hapa wakati mnasubiri." Mgonjwa wako kaletewa kiti, utakataa?

Ndipo huyo "daktari" akatoka. Hakuanza na biashara hata kidogo. Alipiga goti kwenye vumbi, na koti lake jeupe, akamwamkia mama Kinyakyusa, "Ugonile." Mama ambaye siku nyingi maneno yanamkwama, akajibu. Jamaa akasema yeye ni mtoto wa Tukuyu, bibi yake alianguka hivyohivyo, akaapa hatamwacha mama wa mtu ateseke wakati dawa ipo. Akampima presha. Namba iliyotoka ikakaribiana na ile tuliyopewa kliniki saa ile ile! Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, maana nilijua kipimo chake siyo cha kubahatisha.

Akamkunja mama mkono wa sweta, mkono wa kulia, ule mbovu. Akaufuta kwa pamba yenye maji. Akabandika vibandiko viwili upande wa nyuma wa mkono, kimoja chini ya kiwiko, kingine kuelekea kwenye kifundo. Nyaya mbili zinaingia kwenye kimashine cha ukubwa wa simu ya batani. Akabonyeza. Mama akasema anasikia sisimizi. Akabonyeza tena. Na tena.

Kidole cha kati kikainuka. Kikafuata cha pete. Halafu kiganja chote kikafunguka, polepole, chenyewe, mbele ya watu. Jamani, mkono ule tangu Pasaka tunaufungua sisi kidole kimoja kimoja ili tuuoshe ndani usinuke. Mnaofika nyumbani mmeuona. Ukafunguka! Mama akauangalia kama wa mtu mwingine. Jamaa akasimama, akapaza sauti: "Hospitali walisema huu mshipa umekufa. Umekufa huu?" Watu wakaitikia: "Haujafa!" Nilipiga yowe hata sikumbuki nilisema nini. Kijana wa kiti, kumbe tayari ananirekodi, akanipa kipaza sauti: "Dada, mtukuze Mungu hapa." Nikamtukuza. Mama akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, na ile sauti ya mama ndiyo iliyonimaliza.

Sasa njooni mniambie nyinyi mngefanyaje. Siyo kwamba nilimwamini mganga wa tunguri. Mashine za nyaya nilishaziona kwa macho yangu hospitali, kwenye chumba cha fizio, kule kwenye mazoezi ya viungo, mama mmoja amebandikwa begani. Koti limeshonwa jina kwa uzi wa bluu. Cheti kimetiwa plastiki kinaning'inia shingoni mwa spika. Anaongea neva, mzunguko wa damu, misuli, maneno yaleyale tunayoambiwa kliniki. Shemeji yangu ana diploma na alikuwepo, na yeye ndiye aliyesema "chukua, usiache".

Seti ilikuwa laki nane na nusu. Akashusha hadi 620,000 "kwa heshima ya bibi yangu". Ndani kuna vitu vitatu: kimashine cha umeme, mkanda wa moto wenye vijiwe vyeusi, na mfuko wa jeli wa kugandisha. Maelekezo yake: umeme asubuhi na jioni, moto miguuni usiku kucha ili ganzi itoke, baridi alfajiri "kushtua mishipa". Nikamwambia mama ana sukari. Akasema afadhali, maana moto huu unashusha na sukari, vidonge tutaanza kupunguza taratibu. Bahati kaka yangu wa Tunduma alinifokea kwenye simu kwamba vidonge haviguswi. Nilimkasirikia siku ile.

Nyumbani mkono ulifunguka kila tulipowasha. Tukizima, unajikunja. Nikampigia. "Mshipa unajifunza, ongeza namba." Tukaongeza, mama akalia kwa maumivu. Vibandiko vikaacha kunata, vipya akataka elfu arobaini. Nikalipa hiyo nayo.

Halafu mkanda. Tulimfunga miguuni usiku, juu ya soksi, kama alivyoagiza. Asubuhi navua soksi, inakuja na ngozi. Malengelenge mguu mzima, mengine yamepasuka. Mama ananiuliza mbona natetemeka. Hakusikia chochote usiku kucha.

Nikampigia huyo shetani. Kasema ni sumu inatoka. Nilipomtumia picha akanipiga bloku.

Hospitali nesi aliyemfunga kidonda hakunigombeza, aliuliza tu nani kasema mtu wa sukari mwenye ganzi awekewe moto. Nikatamani ardhi inimeze. Kijana wa fizio ndiye aliyekaa na mimi. Alileta vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto, kingine ya baridi, akamwambia mama afumbe macho, akawa anavigusisha mguuni. Mama akakosea karibu kila mara. Kwenye shavu akapatia vyote. Akasema hicho ndicho kipimo cha kwanza kabla hujamwekea mtu moto au barafu, kwa sababu anayeweka anategemea mgonjwa aseme "panachoma", na mguu wa mama hauna wa kusema.

Moto wenyewe siyo mbaya, alisema. Mgongo uliokaza au goti la baridi yabisi linapata nafuu kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo nene, kama robo saa hadi dakika ishirini, huku unaangalia ngozi. Hakuna cha kulala nao. Barafu ni ya mguu uliotoka kuteguka, nayo inazungushiwa kitambaa, muda uleule mfupi. Kwa mama, na miguu yake hiyo, hakuna moto wala barafu, basi.

Nikamuuliza: mkono je? Ulifunguka, nimeona! Akachukua kimashine chetu hichohicho, akanibandika mimi nyuma ya mkono, akaniambia nikunje ngumi nisiachie. Akabonyeza. Vidole vyangu vikainuka, mimi nabana, vyenyewe vinainuka. Akaniuliza, "Na wewe umepona nini?"

Basi ndiyo siri yenyewe hiyo. Kiharusi kimeumiza ubongo wa mama, ila neva na misuli ya mkono mingi bado mizima, kinachokosekana ni amri kutoka juu. Ukipitisha umeme mkononi, msuli unajivuta, wa mgonjwa, wangu, wako. Hata msuli wa jibaba la kubeba magunia ya viazi pale Uyole utajivuta. Yule mwizi anajua hilo vizuri sana, ndiyo maana anatafuta waliopooza mkono, anawapandisha mbele ya watu.

Na hospitali wenyewe wanautumia umeme huo. Mama sasa anawekewa umeme kwenye mkono uleule, lakini anaambiwa ajitahidi kufungua vidole muda uleule unapopita, halafu anashika kikombe, anaachia, anashika. Kazi kubwa ni mazoezi. Umeme ule mwingine wa kutekenya kwa ajili ya maumivu, unazuia tu taarifa ya maumivu ikiwa njiani kwenye uti wa mgongo, ukizima baada ya muda yanaweza kurudi. Sukari hauigusi. Na ile "teknolojia mpya ya Ujerumani" ikamchekesha sana yule kijana, akasema Waroma wa kale, karibu miaka 2000 iliyopita, walikuwa wanamkanyagisha mgonjwa wa jongo samaki mwenye umeme.

Kilichonitoa jasho ni pale aliponiuliza kama jamaa alituuliza kuhusu moyo. Maana mwenye kifaa cha moyo kifuani hawekewi umeme ule hovyo, na haubandikwi mbele ya shingo, wala kwenye tumbo la mjamzito. Jamani, mimi nilimwona kwa macho yangu anambandika mzee mmoja shingoni, huku na huku, "kufungua sauti"! Hakumuuliza hata jina. Kama mzee huyo ni wa kwenu, mpelekeni akaangaliwe.

Mtu huyu hastahili faini. Faini atalipa kwa hela zetu. Alale gereza la Ruanda hapa Mbeya, alale kwenye sakafu ya Julai, na asubuhi afungwe ule mkanda wake miguuni tuone kama ni sumu inatoka. Nimeota nikimfunga mwenyewe. Na wale vijana wake wa viti na kamera nao waende, wasiseme walikuwa vibarua. Kibarua hajui mtu ataanza kulia saa ngapi hadi awe ameshawasha simu.

Mnaniuliza dalili za kumjua tapeli. Sikieni, mengine nimeyaona baadaye picha zikiwa mkononi. Kile cheti kinasema TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, na kimeandikwa tarehe ya 2022, wakati TFDA ilishabadilishwa kuwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tangu 2019. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke, akasema ni mhasibu wake. Risiti ni kikaratasi cha daftari, siyo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Boksi, ukibandua stika yake, chini limeandikwa mashine ya masaji, na shemeji (huyohuyo wa "chukua, usiache") kalikuta Kariakoo kwa bei isiyofika elfu sabini. Hakuna alichokataa, hakuna mgonjwa aliyemwambia "wewe hii haikufai". Na hakai mahali, ana turubai tu.

Polisi nimeshafika, nimeacha maelezo na namba zake zote. Ofisi ya TMDA ya kanda hapa Mbeya nimewapelekea picha za boksi na cheti. Pale nimeambiwa wingi wetu utasaidia, kwa hiyo mliouziwa, na najua mpo, wawili mmeshanipigia mkinong'ona kama mimi ndiye mwizi, tafuteni boksi, miamala na picha, mnitumie ujumbe. Anayeona haya kwa ajili ya mume, aje na mimi, nitaongea mimi.

Mwenye video, futa. Usiisambaze hata kwa kunicheka, kwa sababu mtu wa Mafinga akiiona hatasoma ulichoandika juu yake, ataona mkono wa mama unafunguka. Na ukimkuta jamaa na turubai la bluu, mpige picha usoni na gari lake lionekane namba, ndicho alichoniomba mpelelezi.